Mtani wangu amewaambia wakwe kwamba nyumba yangu inaliwa kila Jumamosi

SWALI

Mwanangu, habari za kazi. Nakuita mwanangu kwa sababu nina miaka 67, na wengi mnaoandika siku hizi ni umri wa wanangu. Usinionee haya kwa ajili ya mvi. Nijibu kama unavyowajibu wengine.

Mimi ni Mnyamwezi, mzaliwa wa Tabora, ila Dar es Salaam nimekaa miaka mingi kuliko kwetu. Nilifanya kazi reli mpaka nikastaafu, na sasa naishi Temeke na mke wangu na binti yetu wa mwisho. Nilipostaafu nilidhani nitapumzika. Kumbe kupumzika nako kunachosha. Haikuchukua muda nikawa nagombana na mke wangu juu ya mahali pa kuweka ndoo. Aliyeniokoa ni jirani yangu, Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu wa jadi. Alinishika mkono akasema, "Twende mzee, kabla hujafukuzwa," akanipeleka kwenye kijiwe chao cha bao.

Kijiwe chetu si cha wazururaji. Tunakutana kila Jumamosi baada ya Alasiri chini ya mwarobaini, na tuna mabao mawili. La zamani limeshakuwa laini kwa mikono mpaka linang'aa bila kupakwa kitu. Mshindi anabaki, aliyefungwa anapisha. Tuna mwenyekiti na mweka hazina, na kila mtu anatoa shilingi 2,000 kwa wiki za kusaidiana. Kamari ni marufuku. Muuza kahawa anakuja na birika lake na kashata, na mtu akikosa Jumamosi mbili bila taarifa, tunakwenda kumgongea mlango. Mke wangu alipolazwa mwaka jana, watu hawa walikuja hospitali kwa zamu, na mfuko ukalipia dawa ambazo mimi sikuwa na uwezo nazo. Nakueleza haya usije ukaniambia niachane nao kirahisi.

Sasa kejeli. Bao bila maneno si bao, hilo nalijua. Mtani ni fundi, na mimi ananifunga karibu kila tukikaa. Amenipa jina la Ghala. Nikitokea tu kwenye kona anapiga ukelele, "Fungueni njia, Ghala la Taifa linaingia!" Watu wanacheka, nami nacheka. Kuna siku alinifunga kete zikiwa bado mkononi, akachukua kofia yangu akaenda nayo kwake, nikaifuata kesho yake. Yote hayo nimeyabeba.

Tatizo limeanza wakwe walipokuja kujadili mahari ya binti yangu. Barua ya posa ilishapokelewa, siku hiyo walikuja wazee wenyewe. Wanatoka Singida, watu wapole, na bao hawalijui kabisa. Nilimwalika Mtani akae upande wangu kama jirani na mtu wa karibu. Mazungumzo yakaenda vizuri. Baba wa kijana akauliza, kwa heshima tu, siku hizi mzee unajishughulisha na nini. Kabla sijafungua mdomo Mtani akadakia: "Huyu? Huyu kila Jumamosi nyumba yake inaliwa, na mlaji ni mimi. Nakula mpaka nashiba, yeye ametoa macho tu!"

Nyumba, kwa asiyecheza, ni lile shimo la mraba katika safu ya mbele ya bao ambalo kila mchezaji analo, na kuliwa ni mwenzako kuzichukua kete zilizomo. Kwenye sebule yangu siku hiyo tuliojua hivyo tulikuwa wawili. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vitafunwa. Mshenga akakohoa. Mimi nikacheka, kwa mazoea. Kisha tukaendelea na mahari.

Tangu siku hiyo mke wangu amesema Mtani asikanyage kwetu, na kwamba bao ni mchezo wa wavivu na Jumamosi nitafute kazi ya kufanya. Mshenga anasema upande wa pili hawajalalamika, ila shangazi wa kijana aliuliza kama hali ya nyumbani kwa mzee ni shwari. Kijiweni sijaenda tena. Mtani anatuma watoto waniulize kama Ghala limefungwa kwa ukaguzi. Nikimfuata kwa hasira ataniambia sijui utani, na kwa kweli mila haimruhusu mtani kununa. Harusi inakuja, naye ameshaanza kujigamba atakavyozuia gari la bibi harusi mpaka alipwe.

Nifanye nini? Niache bao?

Mstaafu, Temeke


JIBU

Shikamoo baba. Nilicheka mpaka nikaweka barua chini, halafu nikafika kwa shangazi wa kijana, kicheko kikakata.

Bao usiache. Nitarudi hapo. Kwanza tuangalie nani amekosewa, maana barua yako yote inamtazama Mtani, na mimi sidhani kama kesi yako ya kwanza ni ya Mtani.

Watu wote katika barua hii wana maneno. Mtani ana maneno, mshenga ana maneno, hata shangazi wa Singida amepata nafasi yake. Mkeo amesimama mlangoni na sinia, baadaye akatoa amri mbili, basi. Wewe hujaandika popote kwamba ulimwambia nini. Ulichoandika, tena kwa kupitia, ni kwamba ulicheka.

Hapo ndipo penyewe. Kijiweni ulifanya vema kucheka. Anayekejeliwa chini ya mwarobaini akinuna, ameshafungwa mara ya pili. Lakini sebuleni hukuwa mchezaji, ulikuwa baba wa binti na mwenye nyumba. Mama amesikia mwanamume mwingine akitangaza mbele ya wakwe kwamba nyumba yako inaliwa naye anashiba, na mumewe, badala ya kumkatiza, akacheka. Hata kama alijua habari za bao, na mke wa mchezaji hakosi kujua mawili matatu, alijua pia kwamba wageni hawajui. Alikuwa akikutazama wewe, aone utasema nini. Ndiyo maana amri yake ya pili imeangukia Jumamosi zako. Hakasirikii mbao na komwe.

Kwa hiyo anza na yeye, na usianze kwa kumweleza bao. Ukianza kueleza kwamba nyumba ni shimo la mraba, ataona unamtetea rafiki yako. Mwambie tu: "Siku ile nilicheka mahali nilipotakiwa kumnyamazisha. Nilikuacha peke yako mbele ya wakwe." Kisha nyamaza, umwache aseme ya kwake, hata yakiwa marefu na yakarudi hadi enzi za ndoo. Maelezo ya bao yaje kesho yake. Na akirudia kwamba ni mchezo wa wavivu, unaweza kumkumbusha kwa upole kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na uvivu hakuna aliyemsingizia. Lakini si siku hiyo hiyo, baba. Siku hiyo mwachie uwanja.

Wa pili ni wakwe. Kwamba hawajalalamika kusikutulize. Watu wapole hawalalamiki, wanauliza swali moja kisha wanaondoka nalo. Mtume mshenga, aende kwa miguu yake, akae, anywe chai, aseme kwamba maneno yale yalikuwa ya mchezo wa bao, kwamba aliyesema ni mtani wa mzee, na kwamba mzee amesikitika wageni wake kuachwa gizani. Asiombe radhi kupita kiasi, maana radhi ikizidi watu huanza kuitafuta sababu yake. Na tafadhali jambo hili lisiandikwe kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Huko litasomwa na watu 80, na kila mmoja atakuwa na swali la shangazi.

Kama mshenga ana busara, mfundishe kidogo, kisha achukue bao aende nalo. Sitanii. Aliweke mezani mbele ya baba wa kijana, apange kete 6 kwenye nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, amwonyeshe na zile 22 zinazobaki mkononi. Kisha amwonyeshe nyumba inavyoliwa. Mzee akishaiona kwa macho, maneno ya Mtani yatageuka kichekesho cha familia mbili, na nitashangaa kama hatataka kujaribu.

Sasa tuje kwa Mtani mwenyewe, ambaye kwa siri nampenda kidogo, nawe usikasirike.

Unasema mila haimruhusu mtani kununa. Kweli. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ni wa tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakishuka kutoka bara hadi pwani na kurudi. Mtu alikuwa anapita katika nchi ya wenzake, ana njaa, pengine anaumwa, pengine anafia huko huko, na wa kumsitiri ni mwenye nchi ile. Ndiyo sababu mtani anaruhusiwa kukutukana na kukunyang'anya kofia, na ndiyo sababu huyo huyo hakosi kwenye msiba wako. Haki yake ya kukucheka inatokana na wajibu alio nao kwako. Na huyu wako anautimiza: aliyekutoa ndani ulipostaafu ni yeye, na kwenye zile zamu za hospitali sidhani kama alikosa.

Lakini utani ni wa watu wanaojuana kuwa watani. Wale wa Singida hawakuwa ndani yake. Kwa mkwe ni heshima tu, na utani ukivuka ukaingia ukweni, aliyevuka anadaiwa, awe fundi au asiwe fundi. Hata wazee wa Kizaramo watamwambia hivyo hivyo. Kwa hiyo huna haja ya kununa, na wala huna haja ya kucheka. Mtoze faini.

Lakini usianzie kijiweni. Mfuate kwake, mkiwa wawili, kabla ya Jumamosi. Usipeleke hasira, maana hasira anaijua na ameshaiandalia jibu. Mwambie maneno machache: "Mtani, mimi nitanie mpaka uchoke. Siku ile hukunitania mimi, ulimtania mke wangu mbele ya wakwe zake. Deni hilo ni la kwake, na utalilipa wewe." Halafu simama uondoke. Mtu mwenye mdomo kama huyo, ukimwachia dakika tano atageuza neno lolote. Dakika moja inamtosha.

Akishaelewa, na nina hakika ataelewa, maana anayetuma watoto kila siku ni mtu aliyekwishashtuka, faini ipangwe na mwenyekiti wenu kikao cha Jumamosi, mbele ya wote. Iwe ya kitani ili isimvunje: aje kwako mwenyewe, mchana, kwa mlango wa mbele, na doti ya khanga kwa ajili ya mama, amwombe radhi kwa mdomo wake. Khanga hiyo aichague mtu mwingine. Mtani wa namna hii akiachiwa kuchagua maandishi atatuletea kesi ya pili, na safu yangu haina nafasi.

Mama akiikataa khanga? Aikatae. Ni haki yake, na Mtani arudi wiki inayofuata. Wewe usimshawishi mkeo hata kwa nusu neno. Umeshacheka upande wa Mtani mara moja, inatosha.

Kuhusu kijiwe. Naona kishawishi ulicho nacho, kuomba ipitishwe sheria kwamba kejeli sasa basi. Usifanye hivyo. Mimi vijiwe vya bao nimevitazama kutoka upande wa birika la kahawa, na nilichokiona ni kwamba nusu ya watu hawaji kucheza. Wamekuja kusimama nyuma ya mchezaji, kumwambia alale, yaani akomee kwenye nyumba, wakati anataka kusafiri, yaani kuzibeba kete za nyumba aendelee, na kumcheka akiwasikiliza. Ukiondoa maneno, Jumamosi ya tatu mtabaki wewe, mwenyekiti na kahawa iliyopoa. Omba kitu kidogo zaidi: maneno ya bao yasivuke mwarobaini kwenda kwenye posa, msibani au kazini kwa mtu. Mlishaweza kukataza kamari, na kamari ni tamu kuliko kejeli, hili halitawashinda.

Na urudi Jumamosi hii. Umeandika mwenyewe kwamba mtu akikosa mbili bila taarifa mnakwenda kumgongea. Wewe umekosa, na bado hawajagonga, ila hao watoto wanaotumwa. Mimi nasoma hapo kwamba kijiwe kizima kinajua kilichotokea na hakijui kiingie vipi. Mwenyekiti wako atashukuru ukimrahisishia.

Limebaki bao lenyewe, ambalo hukuniuliza, na ambalo nadhani linakuuma kuliko ulivyokubali. Jina la Ghala, baba, umelipata kwa kazi yako. Nakisia hivi: kila unapokula wakati wa kunamua, yaani kete za mkononi zikiwa bado zinaingizwa moja moja, mwendo ukiangukia kwenye nyumba, wewe unachagua kulala. Unaona kete zinaongezeka pale, 8, 10, 12, unajisikia tajiri. Mwenzako anakungoja. Nyumba iliyoshiba haimzuii kuila. Anachohitaji ni kete hata moja katika shimo lake linaloikabili nyumba yako, akadondoshe hapo moja ya mkononi, akombe zote. Halafu anazitembeza kwenye safu yake mwenyewe huku anaimba, maana huyu lazima anaimba.

Tazama shimo lile la mbele yako kuliko unavyoitazama nyumba. Kila unapoweza kulila, ulile, hata kama upande wa pili kuna windo nono zaidi. Likiwa tupu hawezi kudondosha hapo. Na nyumba ikifika mahali unaona inawindwa, isafirishe wewe mwenyewe mapema, zamu ya kula ikikupa hiari hiyo, kete zitawanyike kwenye mashimo yako ziwe mtaji wa baadaye. Ukiisafirisha umepoteza nyumba, ndiyo, lakini kete bado ni zako. Hutashinda kila mara. Kumbuka kula ni lazima, na fundi anaijua sheria hiyo vizuri: atakuwekea kitu kidogo ulazimike kukila kule ambako hakukufai.

Pia usikae na Mtani kila Jumamosi. Mnaocheza kila mara wawili mnazoeana vibaya. Yeye ameshajua mkono wako kabla hujauinua. Kaa na wengine, hasa wanaofungwa kama wewe. Nyumbani, kama una mjukuu, mfundishe bao la kujifunza, lile la kete mbili mbili kila shimo, hakuna za mkononi. Utakuwa unamfundisha yeye, na macho yako yatajifunza kuhesabu mbele. Mama akipita akauliza shimo la mraba ni la nini, ajibu mjukuu, si wewe.

Harusi: mtani kuzuia gari la bibi harusi ni jambo la heri, usimnyime. Ila mkubaliane mapema mambo mawili, kiasi atakachodai na maneno atakayosema, na mwenyekiti wa kamati awepo mnapokubaliana. Upande wa Singida nao waambiwe wajiandae na noti ndogo ndogo. Wakishajua kwamba huyu anayezuia njia ndiye yule wa siku ile ya mahari, watataka wenyewe kumwona akilipwa kwa shida.

Ukishasema na mama, mshenga atangulie kabla ya mengine yote, baba. Ikiwezekana kesho.